Kutengeneza na Kunyamazisha

Kazi ya mikono haikosi swali la roho. Fundi ainamaye juu ya gari kuukuu lililozimika taa hudhaniwa kuwa ana shughuli na waya, betri na kutu tu. Lakini kila akazapo nati hukata shauri pia juu ya kweli na uongo. Swali lenyewe ni hili: kutengeneza ni kuondoa dalili ya ubovu, au ni kuondoa sababu yake? Na mtu aondoaye dalili, akaiacha sababu, kisha akapokea ujira kamili, amefanya kazi au amefanya hila?

Land Rover za Series II, zilizoundwa Uingereza kati ya mwaka 1958 na 1961, zafaa kuwa mfano. Umeme wake si wa kutisha. Hutoka katika betri ya volti 12, hupita katika swichi na waya mpaka kwenye taa, kisha hurudi kwa njia ya bodi na fremu badala ya waya wa pili. Usahili huo una mtego wake. Sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu na fremu ni chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu hulika, na uchafu wa ulikaji huo huziba njia ya marejeo. Taa ya breki ya wati 21 huhitaji ampea 1.75 hivi. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 1 tu chatosha kuinyang'anya taa hiyo karibu volti moja na nusu, ikafifia. Tena, umeme uliozibiwa njia hutafuta njia nyingine: dereva akanyagapo breki, taa isiyohusika huwaka kwa unyonge. Mwenye gari hununua globu mpya, nayo hufifia vile vile. Globu ya kwanza imeadhibiwa kwa kosa la kutu.

Kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm, Mjerumani, mwaka 1827, haina upendeleo kwa mtu wala kwa kitu. Mita ikiwekwa kati ya kitako cha taa na ile ncha ya betri iliyofungwa kwenye fremu, taa ikiwa inawaka, huonyesha volti zilizopotea katika marejeo. Katika Series II ncha hiyo ni chanya. Katika magari ya baadaye kwa kawaida ni hasi. Fundi asiyeuliza nasaba ya gari aweza kuliharibu kwa ujuzi ule ule uliotengeneza jingine.

Betri nayo hushtakiwa mara nyingi bila kosa. Betri ya ampea-saa 60, ikivuja ampea 1 wakati gari limelala, huishiwa kwa saa 60, yaani siku mbili na nusu. Kuinunua nyingine ni kumlisha mwizi aliyemo nyumbani, na wahenga walikwisha sema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Dawa ni kufungua waya mmoja wa betri, kuweka mita ya ampea katika pengo, na kuzing'oa fyuzi moja moja mpaka kipimo kianguke. Kisipoanguka, hutazamwa njia zisizopita katika fyuzi, hasa ile ya dainamo, ambako swichi ya kujikata yaweza kuwa imeganda. Kazi hiyo yataka saa nyingi, wala haina kitu cha kumwonyesha mteja mkononi.

Jaribu kubwa kuliko yote ni fyuzi. Fyuzi imefanywa dhaifu kwa makusudi, ili iungue yenyewe kabla ya waya kuungua. Ikiungua mara kwa mara inatoa ushahidi. Fundi mwenye haraka huikunjia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au huweka kipande cha waya mnene. Taa huwaka, mteja hushukuru, na shahidi amenyamazishwa. Tangu hapo kitu kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya, na labda gari zima pamoja na waliomo.

Yaweza kutetewa kwamba dharura ina hukumu yake. Usiku, njiani, gari likiwa limebeba mgonjwa, nani atamwambia fundi asubiri asubuhi? Utetezi huu una nguvu, lakini nguvu yake haivuki mwisho wa safari. Msaada wa dharura ni halali ukitajwa kwa jina lake: fundi akimwambia dereva kwamba hapa pamefungwa tu, hapajatengenezwa, na kwamba kesho sababu itafutwe, hakumdanganya mtu. Kosa haliko katika kipande cha waya peke yake. Liko katika kimya kinachokifuata.

Hata hivyo, si haki kumtwika fundi lawama zote. Mteja hulipa kwa moyo mweupe bei ya betri aionayo, akanung'unika kulipia saa tatu za kutafuta kiungo kimoja kilichohitaji kusuguliwa kwa msasa. Kwa nung'uniko hilo humfundisha fundi kuuza vitu badala ya kuuza maarifa. Fundi mwaminifu huonekana ghali na mvivu. Mdanganyifu huonekana hodari. Basi uaminifu wa karakana hujengwa na wawili: mmoja akubali kutafuta, na mwingine akubali kulipia utafutaji.

Kutengeneza, kwa hiyo, ni kuifuata dalili mpaka kwa mzazi wake, na kusema kweli pale mfuatano ulipokatika. Fundi atimizaye hayo astahili ujira wake, hata kama alichobadili katika gari ni uchafu wa ukubwa wa ukucha.