Mwanangu, Mtajie Daktari Sindano

Wanangu, unga wa heroini si mgeni hapa pwani. Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, kila kizazi cha maskani hujiona ndicho cha kwanza kuonja utamu wake. Sitawagombeza. Mtu akishikwa na arosto, maumivu ya kuukosa unga, hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Nimewaona wengi, na wengine niliwapakata wakiwa wachanga. Nimemwona hata asiye na hela ya kete akijidunga damu ya mwenzake aliyetangulia kujidunga, akitumaini masalia yamtulize.

Leo nazungumzia moyo, moyo huuhuu wa nyama. Una valvu nne, ambazo kazi yake ni kuiachia damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma. Ukijidunga bila kusafisha ngozi, au kwa bomba alilotumia mwenzako, vijidudu huingia mshipani, na damu ya mshipa huo hufikia kwanza upande wa kulia wa moyo. Huko hung'ang'ania valvu kama ukoko chini ya sufuria. Kikimeguka kipande, hukimbilia mapafuni, kijana akaanza kukohoa na kubanwa kifua. Valvu nayo huliwa pole pole hadi ivuje, na miguu ikavimba.

Shida ni kwamba ugonjwa huu huanza kwa homa na kutetemeka, na kwetu kila homa ni malaria. Mgonjwa anameza dawa mseto, homa haimwachi. Mama anajua habari za sindano, ila mbele ya daktari anainamisha kichwa. Aibu ile naielewa, masikini, lakini bei yake ni kubwa mno. Daktari akiambiwa mapema, atapima damu na kuupiga moyo picha, na antibaiotiki za mshipani kwa wiki 4 hadi 6 huweza kumponya. Mgonjwa akichelewa, huenda valvu ikabidi ibadilishwe, na zipo valvu bandia zinazomlazimu mtu kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Akilirudia bomba, hata hiyo mpya huweza kushambuliwa.

Ukishindwa kuacha leo, basi bomba lako liwe jipya, usimpe mtu, na ngozi uisafishe. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanatoa metadoni tangu 2011, dawa ya kunywa badala ya unga, bila sindano. Nenda. Na wewe mama, homa ikimshika mwanao mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na useme yote.