Ngwe za Laxton

Laxton ni kijiji cha wakulima katika kaunti ya Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, kama kilomita 15 kaskazini-magharibi mwa mji wa Newark. Treni inayotoka stesheni ya King's Cross jijini London humshusha mgeni Newark. Kutoka hapo hutafuta gari na kupita barabara nyembamba zilizobanwa na ua wa miti kushoto na kulia, ua mrefu kiasi kwamba mashamba hayaonekani ila kwenye mageti. Akikaribia Laxton ua huo hukatika. Mbele yake hutandaa uwanda usio na ua wala seng'enge, umepigwa mistari mirefu ya kijani, ya kahawia na ya rangi ya majani makavu kama mkeka wa miyaa. Kila mstari ni ngwe yenye mwenyewe, na jirani yake anajua inaishia wapi.

Sehemu kubwa ya Uingereza iliwahi kulimwa hivi. Mabaki ya mashamba ya wazi yapo kwingine pia, kwa mfano Braunton katika kaunti ya Devon, lakini Laxton ndipo mahali pa mwisho ambapo mfumo mzima bado unatembea: ngwe, mzunguko wa mazao, na mahakama ya wakulima inayousimamia.

Anayetafuta kijiji cha Kiingereza cha kwenye kalenda atavunjika moyo. Kalenda hupendelea Bibury, katika vilima vya Cotswolds, ambako safu ya nyumba za mawe iitwayo Arlington Row ilipigwa picha mpaka ikaingia ndani ya pasipoti ya Uingereza, na ambako mabasi ya watalii huziba barabara kila kiangazi. Laxton ni ya matofali mekundu. Nyumba nyingi zimekaa ubavu, pembe la paa ndilo linalotazama barabara, na nyuma yake kuna uani, ghala, trekta na harufu ya samadi. Kukaa kwa nyumba hizo barabarani kuna maana yake. Katika vijiji vingine mashamba yalipozungushiwa ua, wakulima wengi walihama wakajenga katikati ya ardhi zao, kila mtu na lake. Wa Laxton hawakuwa na sababu ya kuhama, maana ngwe zao zilikuwa kila upande. Wakabaki wanatazamana.

Yapo mengine ya kuonwa. Kaskazini mwa kijiji kuna kilima cha ngome ya Wanormandi, udongo mtupu sasa, na kondoo juu yake. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lina sanamu za makaburi ya ukoo wa Everingham, mojawapo ikiwa ya mwanamke iliyochongwa kwa mti katika karne ya 14. Kuna pia zizi ambamo ng'ombe au kondoo aliyezurura alifungiwa mpaka mwenyewe alipe. Hayo yote hutazamwa kwa saa moja. Mashamba ndiyo yanayotaka utulivu.

Ni matatu: West Field, Mill Field na South Field, na yote kwa pamoja hayafiki ekari 500. Kila mkulima ana ngwe katika kila moja, tena zimetawanyika, moja huku na nyingine kule. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, lakini haufanani. Kuna mteremko unaokauka mapema na kuna bonde linaloshika maji hadi Aprili. Kutawanya ngwe ni njia ya zamani ya kuhakikisha kwamba hakuna anayekalia udongo mzuri peke yake, na kwamba mvua ikizidi bondeni hakuna anayekosa mavuno yote.

Mazao huzunguka kwa miaka mitatu. Shamba moja hupandwa ngano kabla baridi haijakaza. La pili hupandwa mazao ya machipuko kama shayiri au jamii ya kunde. La tatu hulazwa. Zamani lilikuwa malisho ya mifugo ya kijiji, siku hizi huweza kutoa majani ya mifugo. Mwaka unaofuata mashamba hubadilishana zamu. Mkulima hachagui mwaka wa kulaza ngwe yake, kalenda ya kijiji ndiyo inayomchagulia. Katikati ya mashamba hayo kuna vibonde vya majani ambavyo havijawahi kuguswa na plau, na nyasi zake hupigwa mnada kila mwaka zikatwe ziwe chakula cha mifugo. Kwa kuwa havijalimwa, maua ya mwituni yaliyokwisha kutoweka katika mashamba ya jirani bado yanachanua humo mwezi wa Juni.

Msomaji wa Tanzania anaweza kudhani huu ni ujamaa uliotangulia Azimio la Arusha. Sivyo. Kila mkulima wa Laxton hulima ngwe zake, hununua mbegu zake, na hasara ni yake. Kilicho cha wote ni utaratibu: nini kipandwe wapi, njia zipite wapi, mpaka uwe wapi. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala mashuhuri akidai kwamba malisho ya wote hayana budi kuharibiwa, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Alisahau kwamba wafugaji husemezana. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jinsi watu wa mahali pamoja wanavyoweza kuitunza mali ya wote kwa kuwekeana sheria na kuchungana, na Laxton ni mfano mmoja ulio hai.

Kuchungana huko kuna siku yake. Mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa imeota kimo cha kidole, jopo la watu 12 hukusanyika kulikagua shamba la ngano la mwaka huo. Hupanda trela la trekta wakiwa na mabuti, makoti ya mvua, nyundo na mzigo wa vigingi. Trela husimama kwenye ncha ya ngwe. Mmoja huchungulia mstari kwa jicho moja, mwingine hutafuta alama ya zamani kwenye majani, halafu hubishana kidogo. Aliyelima na kuimega njia ya wote, hata kama ni kwa upana wa mfuo mmoja tu wa plau, huonekana hapo hapo, kwa sababu kigingi kipya huingia ndani ya ngano yake. Mtaro ulioachwa ukaziba huandikwa. Na wakaguzi hawa ni wakulima wenye ngwe zao. Mwenye nyundo leo huenda naye akafikiwa na nyundo kwenye kituo kinachofuata, wenzake wakitazama.

Wiki inayofuata mahakama hukaa, na hukaa baa. Court Leet ya Laxton hufanyikia Dovecote Inn, baa ya kijiji, chini ya msimamizi anayemwakilisha mwenye ardhi. Majina husomwa; asiyefika bila udhuru hutozwa peni chache. Jopo la mwaka hutoa taarifa yake na kutaja faini, kisha jopo jipya huapishwa kwa ajili ya shamba litakalopandwa ngano mwaka ujao. Faini zenyewe hazimfilisi mtu. Adhabu iko katika kusomwa jina, kosa na kiasi mbele ya watu ambao utakutana nao kesho asubuhi barabarani. Wanaosema sheria ndogondogo zinahitaji adhabu kali ili ziheshimiwe wangefaidika kukaa kwenye kona ya baa ile jioni hiyo moja.

Kumbukumbu zimesaidia pia. Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce alichora ramani ya Laxton yote, ngwe kwa ngwe, na pembezoni akachora watu wanaolima, wanaovuna na wanaowinda. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga wa Kiswahili walisema, na Laxton ina daftari la karibu miaka 400.

Vijiji vingine vilikuwa na desturi kama hizi na bado vilizipoteza. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zilizogusa ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya England. Ngwe ziliunganishwa, malisho ya wote yakagawanywa, na kila mwenye haki akapewa kipande kimoja chenye mpaka. Hoja ilikuwa kilimo bora, na kwa kiasi fulani ilikuwa hoja ya kweli: mwenye shamba zima angeweza kujaribu mbegu na mifugo mipya bila kusubiri kijiji. Lakini maskini aliyekuwa na haki ya kuchunga ng'ombe mmoja tu alipata kipande kisichotosha kitu, au hakupata chochote. Arthur Young, mwandishi wa kilimo aliyeupigia debe mpango huo kwa miaka mingi, ilipofika mwaka 1801 alikuwa akiandika kuwatetea waliopoteza ng'ombe wao.

Laxton ilinusurika kwa sababu isiyo na utukufu wowote. Katika karne ya 19 ardhi yake ilikuwa mikononi mwa makabaila wawili wakubwa, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na hawakuelewana namna ya kubadilishana vipande. Walipokuja kuelewana, wakati wa kuzungusha ua ulikuwa umepita. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe ziliunganishwa kiasi, zikawa chache na pana zaidi, bila kuuvunja mfumo. Mwaka 1938 Charles Orwin na mkewe Christabel walichapisha kitabu juu ya mashamba ya wazi ya Laxton, na wasomi wakaanza kupigana vikumbo kwenda kuyaona.

Hapo inaingia Afrika Mashariki. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza Laxton, na aliyeinunua ni Wizara ya Kilimo ya Uingereza, kwa nia ya kuuhifadhi mfumo wa ngwe zilizotawanyika. Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Miaka miwili baadaye, 1954, ofisa wa kilimo Roger Swynnerton alitoa mpango uliochukua jina lake. Katika Mkoa wa Kati, vipande vilivyotawanyika vya familia za Wakikuyu vilionekana kuwa kikwazo cha maendeleo, na serikali ikaazimia kuviunganisha na kutoa hati kwa mtu mmojammoja. Familia hizo zilikuwa zimevitawanya kwa sababu ambazo mkulima wa Laxton angezielewa mara moja: kipande cha juu kwenye baridi, kipande cha chini kwenye joto, urithi uliogawanywa kwa haki.

Mpango huo haukuwa wa hasara tupu. Ulifungua milango kwa wakulima wadogo kupanda kahawa na kufuga ng'ombe wa maziwa, na familia nyingi zilisomesha watoto kwa fedha hizo. Lakini ugawaji ulifanyika huku maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini chini ya hali hiyo ya hatari, na aliyekuwa upande wa serikali alikuwa kwenye kikao mipaka ilipochorwa. Jopo la kukagua, lenye watu wanaokaguliwa pia, halikuwapo. Serikali iliyoona ngwe za Nottinghamshire ni urithi wa kulindwa kwa fedha za umma iliona ngwe za Kiambu na Nyeri ni ushamba wa kufutwa, na ni vigumu kupata tofauti ya udongo inayoeleza hayo.

Laxton yenyewe iliendelea kubadilisha mikono. Mwaka 1981 ilihamishiwa Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Taji la Uingereza, na mwaka 2020 ikarudi kwa Thoresby, mali ya ukoo uleule uliokuwa umeiuza mwaka 1952. Wakulima ni wapangaji, kama walivyokuwa babu zao, ila wamepungua sana.

Mgeni hahitaji kibali. England ina mtandao mkubwa wa njia za miguu ambazo sheria inampa kila mtu haki ya kuzipita hata ndani ya ardhi ya mtu binafsi. Mshale wa njano huonyesha njia ya waendao kwa miguu, wa buluu njia inayoruhusu farasi pia. Mageti yaachwe yalivyokutwa, na mbwa afungwe kamba kwenye mifugo. Nyuma ya Dovecote Inn kuna chumba kidogo cha maonyesho chenye maelezo ya mfumo wote. Wageni wengi huja kiangazi, wanaona mistari, wanakunywa bia, wanaondoka.

Kwa wakazi, tatizo ni hesabu. Mashine za leo zinataka uwanja mpana wa kugeukia, na mwenye ngwe hutumia muda na dizeli kuhama kutoka kipande hadi kipande huku bei ya ngano ikipangwa na soko lisilojua Laxton iko wapi. Mwenye shamba la kawaida katika kijiji cha jirani huamua peke yake akiwa jikoni kwake. Anayepangishwa ngwe Laxton hupewa ardhi pamoja na zamu: ya kupanda trela mwezi wa Novemba na mzigo wa vigingi, na ya kukaa Dovecote Inn jina lake litakaposomwa.