Haki ya Uso: Utunzaji wa Ngozi katika Mizani ya Dini

Swali la kama kuutunza uso kila siku ni wajibu, ni pambo la halali au ni mwanzo wa mtu kujiabudu limejadiliwa na wanazuoni kwa karne nyingi, ingawa aghalabu limejadiliwa kana kwamba nyuso zote zina mahitaji mamoja. Uzito wake huonekana vizuri zaidi linapoelekezwa kwa ngozi mchanganyiko iliyopungukiwa na maji. Ngozi mchanganyiko ni ile ambayo paji la uso, pua na kidevu hutoa mafuta mengi ilhali mashavu hubaki makavu. Na kupungukiwa na maji ni hali ya tabaka la juu la ngozi kupoteza unyevu wake. Hali hii ni tofauti na ukavu wa asili, kwa sababu ngozi kavu hukosa mafuta, lakini ngozi iliyopungukiwa na maji yaweza kung'aa kwa mafuta na papo hapo ikabana mara tu baada ya kunawa.

Uso wa namna hii huhukumiwa vibaya na mwenyewe. Aonaye pua inang'aa hudhani uso mzima ni mchafu, akausugua kwa sabuni ya mche mara tatu au nne kwa siku. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kawaida hufikia 9 au 10. Sabuni hiyo huondoa mafuta yanayoziba nafasi kati ya seli za tabaka la juu, na maji ya mwili yakapata upenyo wa kutoroka hewani. Mashavu huparara na kuwasha, na pua huendelea kung'aa vilevile. Tiba yake ni ya upole: kunawa asubuhi na jioni kwa kisafishaji laini na maji yasiyo ya moto, kupaka, uso ukingali na majimaji, losheni nyepesi yenye glisarini au asidi ya hialuroniki, ambazo huvuta maji na kuyashikilia, kisha kuongeza mafuta ya mgando kidogo mno kwenye mashavu peke yake, bila kuyafikisha puani, ili maji yaliyoshikwa yasipotee. Asubuhi hufuata krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30, ambayo ikipakwa ya kutosha huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza ngozi.

Katika mpangilio huo limo jambo ambalo Aristotle alilieleza alipotofautisha usawa wa hesabu, yaani kuwapa wote kiasi kilekile, na usawa wa uwiano, yaani kumpa kila mmoja kwa kadiri ya anachostahili. Shavu na pua ni vya uso mmoja lakini madai yao si mamoja, na anayevipa vyote kitu kimoja hudhulumu kimojawapo. Kutunza ngozi ya aina hii, kwa hiyo, ni zoezi la kutazama kwa makini kabla ya kutenda, na makini hayo ndiyo yanayolitoa suala hili katika anasa na kulitia katika maadili.

Pingamizi zito limetoka kwa al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din aliigawa twahara katika daraja nne: kuusafisha mwili na uchafu, viungo na dhambi, moyo na tabia mbovu, na siri ya ndani kabisa na kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu, kisha akawalaumu wanaomaliza nguvu zao zote katika daraja ya kwanza, akiwafananisha na mpambaji anayemremba bibi harusi, ilhali ndani yao mmejaa kiburi na ria, yaani kutenda ili watu waone. Lawama hii ni ya haki, lakini inahusu kupotoka kwa vipaumbele, wala haimruhusu mtu kuuacha mwili. Sahaba Abdallah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, aliambiwa na Mtume kwamba mwili wake una haki juu yake. Na haki ya mwingine ni deni, hata mwingine huyo akiwa mwili wa mdaiwa mwenyewe. Injili ya Mathayo, katika sura ya 6, inakwenda mbali zaidi, kwani humo anayefunga anaagizwa kupaka mafuta kichwani na kunawa uso ili watu wasijue kwamba amefunga. Hoja hiyo ina nguvu ya pekee, maana uso uliotunzwa unageuka kuwa kinga dhidi ya ria ileile aliyoihofia al-Ghazali.

Kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, suala hili hurudi kila wakati wa sala. Udhu haukamiliki bila maji kuifikia ngozi. An-Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1277, alieleza kwamba nta na mfano wake huzuia maji, hivyo ni lazima iondolewe, lakini mafuta ya majimaji hayadhuru ikiwa maji yamepita juu ya ngozi, hata yasipotulia juu yake. Kwa kipimo hicho losheni nyepesi haina tatizo, na krimu ya jua inayoganda na kuwa utando yafaa isafishwe kwanza. Kunawa mara kwa mara nako hupunguza unyevu wa ngozi, na hapa inafaa kukumbuka kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, yaani kipimo cha viganja viwili vilivyojaa, ambacho hakifiki lita moja. Anayefuata ubanaji huo wa maji, kisha akapaka losheni uso ungali umelowa, huihifadhi ibada na ngozi kwa pamoja.

Mpaka wa yote haya ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua ambao mara nyingi huwa na haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake na huharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, ulizuia vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua kukiondoa hata kiwango hicho. Hapa mwili haulipwi haki yake, bali unakataliwa. Hata hivyo, ni dhuluma kumtupia lawama yote anayejichubua. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim inaeleza kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu, na maneno hayo yalisemwa kumtuliza mtu aliyehofia kwamba kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi. Kwa mizani hiyo, anayenawa na kupaka losheni yake kila asubuhi hana haja ya kujitetea. Wanaodaiwa majibu, kwa kuikataa haki na kuwadharau watu, ni mwenye duka anayeuza zebaki akijua ni zebaki, na jamaa wanaomwambia binti, tangu akiwa mtoto, kwamba angekuwa mzuri laiti angekuwa mweupe.