Nani Aone Mizani?



Siku ya mgao sote tunaijua. Karani anasema, "Kilo 12," lakini mama haondoki mpaka ameuona mshale wa mizani kwa macho yake. Hamtukani karani. Anajua tu kwamba atakayelala njaa ni yeye.

Wengi wetu tumetoka kwenye nchi ya machimbo. Siku hizi makampuni makubwa ya madini hutoa taarifa kila mwaka: miti iliyopandwa, madarasa yaliyojengwa, maji yaliyosafishwa. Ni jambo jema. Lakini tuulize: hesabu hiyo anapewa nani?

Tuangalie Brazili. Tarehe 25 Januari 2019, huko Brumadinho, bwawa la matope ya mgodi wa chuma wa kampuni ya Vale lilibomoka, watu 270 wakafa. Kantini ya wafanyakazi ilikuwa chini ya bwawa hilo. Na wakaguzi walikuwa wametoa cheti kwamba bwawa ni imara! Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliishtaki kampuni kwamba taarifa zake ziliwadanganya wanunuzi wa hisa. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 55.9 kumaliza kesi hiyo. Angalieni vizuri: kesi ilihusu wenye fedha walioandikiwa taarifa. Yule aliyekula chakula chini ya bwawa hakuonyeshwa mizani.

Mtu atasema, "Wanakijiji hawajui mambo ya uhandisi." Ni kweli. Lakini mama yule naye hakutengeneza mizani, ila mshale anausoma. Mwambieni mwanakijiji kwa lugha yake ufa uko wapi, naye ataelewa.

Kwetu Kongo, sheria ya madini ya 2018 inaidai kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na iandikiane nao ahadi zake. Hapo mlango upo. Ahadi hizo zisomwe chini ya mwembe, si katika ofisi za mbali tu.

Kujisifu mbele ya mtu wa mbali ni rahisi. Hesabu ya kweli hutolewa mbele ya yule awezaye kusema, "Hapana, pima tena."

Nasi tusiwanyoshee wengine kidole tu. Hesabu ya mabati ya kanisa tutaisoma mbele yenu nyote, na mwenye swali aulize bila woga.