Je, Kufuta Kwatosha?

Twaulizwa hivi: mtu aliyepewa kutunza siri za wenzake, naye akazifuta kwa moyo mnyofu kabla ya kukiuza chombo chake, je, ana hatia zikionekana baadaye mikononi mwa mgeni? Wengi hujibu upesi, La, maana hakukusudia. Sisi twaona jibu hilo limepungua, na sababu yake haieleweki mpaka tujue kwanza jinsi kompyuta inavyofuta.

Ndani ya kompyuta mna diski, ndimo yanamowekwa maandishi yote: barua, picha, hesabu, majina ya wagonjwa, madeni ya watu. Ukiiamuru ifute barua, kwa kawaida haiigusi barua yenyewe. Huondoa tu jina lake katika orodha, na kuandika kwamba mahali pale pana nafasi. Ni kama karani aliyechana ukurasa wa yaliyomo katika daftari kubwa, akasema daftari sasa ni tupu. Kurasa zote zingalipo, na mwenye kuzifunua moja moja atazisoma. Zitatoweka siku yatakapoandikwa mengine juu yake, na siku hiyo yaweza isifike kamwe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wa chuo cha MIT huko Marekani, walitangaza habari za diski 158 walizozinunua zikiwa zimekwisha kutumika. Katika hizo, 129 zilifanya kazi. Na zilizosafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Moja ilitoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha, nayo ilikuwa ingali na namba za akaunti za watu. Tena baadhi ya waliouza walikuwa wamefuta kweli, kadiri walivyojua kufuta.

Basi hatia iko wapi? Kusudi jema ni la mtu mwenyewe, bali siri ni ya mwenzake. Mgonjwa aliyemweleza mganga maradhi yake hakumwomba kusudi jema tu. Alimwomba neno lisitoke. Azimaye moto karibu na nyasi kavu haendi zake moshi unapotulia. Huchakura majivu kwanza. Vivyo hivyo, afutaye diski hana budi kuiandika yote upya kwa sifuri, kisha kuisoma tena, aone kwamba hakuna kitu. Wako wanaorudia kuandika mara 35, kwa kufuata makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, ingawa yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwa diski za siku hizi haina maana. Twastaajabu kumwona mtu akifuta mara 35, asitazame hata mara moja.

Wala kumkabidhi mwingine kazi hakuondoi wajibu. Kampuni ya fedha ya Morgan Stanley huko Marekani iliajiri watu wa kuhamisha mizigo, wasio na ujuzi wa kazi hii, waondoe vyombo vyake vya zamani. Vingine vikauzwa kwa mnada katika intaneti, vingali na habari za wateja. Mwaka 2022 ikakubali kulipa serikali faini ya dola milioni 35. Faini ilimwangukia yule aliyepewa amana.

Kuna ugumu mwingine. Diski mpya zisizo na sahani ya kuzunguka, ukiandika juu ya la kale, huliweka jipya mahali pengine, na la kale laweza kubaki mahali usipoweza kupafikia. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego walilionyesha hili mwaka 2011. Hapo kutazama kwetu hakuoni yote. Afadhali kila kitu kiandikwe kwa maandishi ya fumbo tangu siku ya kwanza, ili ufunguo wake ukiharibiwa, yaliyobaki yasisomeke.

Wengine husema, Basi tuzivunje zote. Hatukubali upesi. Kompyuta iliyofutwa na kukaguliwa yaweza kumfaa mtoto wa shule asiye na chombo, na kuivunja kwa uvivu wa kukagua ni kumnyima huyo. Lakini diski ya zahanati ambayo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ni tupu, hiyo na itolewe ivunjwe, na kompyuta iende shuleni bila diski, hata ikiwa shule italazimika kungoja mpaka ipate fedha za kununua nyingine.