Safari ya Mume na Mke

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba wake kwa waume akatia baina yetu mapenzi na huruma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa na mji ukajaa wageni, alitujia kijana mmoja baada ya darsa ya Magharibi. Alingoja mpaka watu wote wamekwisha toka ndipo akasema lililomleta. Alikuwa ameoa miezi minane nyuma. Mkewe alikuwa ameondoka nyumbani siku ya tatu hiyo, yuko kwa wazee wake, naye kijana alitaka tumjibu suali moja tu: je, sharia yamlazimisha mume kumtembeza mkewe? Tukamwuliza limezuka wapi suali hilo, naye akazunguka sana kabla ya kusema kweli.

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Wenziwe mke, walioolewa mwaka huo huo, walikuwa wamechukuliwa na waume zao katika mahoteli ya pwani ya kusini, wakaleta picha katika simu: meza ya chakula, bwawa la kuogelea, viatu jozi mbili juu ya mchanga. Mke hakusema neno. Alizitazama, kisha akamwonyesha mumewe. Kijana ikamchoma, akakopa katika simu shilingi 30,000, mkopo wenye ziada, akalipa hoteli siku mbili. Mamake kijana, ambaye wakaa naye nyumba moja, alipopata habari alisema hayo ni mambo ya Kizungu, na kwamba yeye ana miaka thelathini na tano katika ndoa na hajapata kupelekwa popote ila mazishini. Neno likazaa neno. Safari haikuwa, deni likabaki, na mke akafunga mkoba wake akaenda kwao.

Hatuyaandiki haya kwa kutaka kumfedhehi mtu. Kijana mwenyewe ametupa ruhusa, na visa vya namna hii twavisikia kila likizo ikiingia, majina tu ndiyo yanayobadilika. Twayaandika kwa sababu ndoa ya miezi minane ilikuwa yataka kuvunjika kwa jambo ambalo wengi wetu twaliona dogo, na aliyeliona dogo kuliko wote ni yule aliyekuja kutuuliza.

Jawabu la suali lake ni fupi. Kilichomlazimu mume ni chakula, nguo na makazi, kila mtu kwa kadiri alivyopewa na Mola wake, tajiri kwa utajiri wake na mwenye dhiki kwa dhiki yake. Matembezi hayamo katika nafaka. Lakini Mwenyezi Mungu ameamrisha pia tukae na wake zetu kwa wema, na wema hauhesabiki kwa pishi wala kwa dhiraa. Mtu aweza kumlisha mkewe na kumvika miaka ishirini, asimpunguzie hata kibaba, na asiwe amekaa naye kwa wema siku moja.

Wako kati yetu wanaodhani kwamba mtu kutoka na mkewe kwenda kutembea ni jambo lililokuja na Wazungu katika gari moshi. Hawa hawakuisoma sira, au wameisoma kwa ajili ya vita vyake tu. Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, na aliyeangukiwa na kura ndiye aliyetoka naye. Katika safari moja Bibi Aisha (R.A.) alikatikiwa na kidani. Tena hakikuwa chake. Alikuwa amekiazima kwa dadake Asmaa. Mtume akalisimamisha jeshi zima kitafutwe kidani hicho, na watu hawakuwa na maji, wala mahali pale hapakuwa na maji. Watu wakaenda kumshtakia Sayyidna Abubakar, wakimwambia atazame alivyofanya bintiye. Abubakar akamwendea kwa ghadhabu, akamkuta Mtume amelala, kichwa chake ki juu ya paja la mkewe. Akamlaumu bintiye maneno mengi na kumchomachoma ubavuni kwa mkono. Naye asitikisike, kwa kuogopa asimwamshe mumewe. Asubuhi walipoamka pasi na maji ndipo iliposhuka aya ya tayammamu. Sahaba mmoja, Usaid bin Hudhair, alifurahi akasema kwamba hiyo si baraka ya kwanza kupatikana kwa watu wa nyumba ya Abubakar. Kisha wakamwinua ngamia aliyekuwa akimpanda, na kidani kile ki chini yake.

Na tukitazame vizuri kisa hiki, maana twakisoma sana katika mlango wa tohara na hatukisomi katika mlango wa ndoa. Jeshi lilisimama kwa ajili ya pambo la mwanamke mmoja, pambo la kuazima. Mtume hakumwambia mkewe kwamba wanawake ni watu wa kupoteza vitu, wala kwamba safari ijayo atabaki nyumbani. Mkwewe ndiye aliyekasirika, mume alilala. Sasa tujiulize, bangili ya mkeo ikianguka katika kituo cha mabasi na dereva amekwisha piga honi, wewe ungesema nini? Ruhusa anayoitumia leo kila mgonjwa asiyeweza kugusa maji, na kila msafiri asiyeyapata, ilishuka katika safari ambayo mtu na mkewe walikuwa pamoja.

Wala si safari hiyo tu. Katika safari nyingine aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha, naye bibi akamshinda. Na miaka ilipopita, bibi amekwisha nenepa, wakashindana tena akamshinda yeye, akacheka, akamwambia kwamba hiyo ni lipo la ile. Waliporudi Khaibar alikuwa akiweka goti lake ili Bibi Safiya alikanyage apande ngamia. Na yule Anjasha, aliyekuwa akiwaendesha ngamia wa wanawake kwa kuimba hata wakaenda mbio mno, Mtume alimwonya aende polepole, akawafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo. (Laiti madereva wa barabara ya Malindi wangelipata habari za Anjasha!) Na mtu alimjia akamweleza kwamba ameandikwa katika jeshi la vita kadha, na mkewe ametoka kwenda Hija, akamwamrisha aache vita aende akahiji na mkewe. Basi ikiwa jihadi iliwekwa nyuma ili mwanamke asisafiri peke yake, vipi sisi tutasema kwamba mume kufuatana na mkewe ni upungufu wa uanaume?

Mama zetu twawaheshimu, na pepo twaitafuta kwao. Lakini twamwambia mama wa kijana huyu, na kila aliye kama yeye: uchungu wako, mama, ni wa haki. Miaka thelathini na tano ni mingi, na aliyepaswa kukuonyesha japo bahari ya mji wa pili hakufanya. Hukumu uliyoitoa ndiyo isiyokuwa ya haki, kwa kuwa dhulma uliyotendewa wewe haiwi sunna ya kutendewa mkwe wako.

Ama deni, hapo hatuna neno laini. Mkopo wenye ziada ni riba, uwe wa benki yenye milango ya vioo au wa simu iliyomo mfukoni, na uchache wa ziada hauibadilishi hukumu. Kijana alitaka kumfurahisha mkewe, na nia hiyo ni njema. Akaifuata njia ambayo Mwenyezi Mungu ametangaza vita juu ya watu wake. Tena tulipomwuliza kwa upole, aliungama kwamba si mkewe aliyekuwa akimfikiria alipobonyeza simu ile. Alikuwa akiwafikiria wale waume wenziwe. Hapa ndipo penye ugonjwa. Picha moja haisemi mwenye picha ana deni kiasi gani, wala haisemi kama wale wawili walizungumza hata neno njiani wakirudi. Zamani mtu alijionyesha siku ya harusi tu, akakopa kwa ajili ya pilau na ngoma, na mashekhe wetu wakapiga kelele juu ya hayo mpaka sauti zikawakauka. Siku hizi harusi haishi. Kila likizo yataka karamu yake na mashahidi wake.

Na tunadhani bwawa la hoteli lisingaliiponya nyumba ile. Mke alipoulizwa na mwalimu wetu wa darsa ya wanawake, hakutaja hoteli. Alisema kwamba mumewe hurudi kazini saa kumi na moja, akala, akavaa kanzu, akatoka kwenda barazani kwa kahawa mpaka saa nne za usiku. Na siku asizokwenda barazani, huja kwetu darsani. Amekaa miezi minane katika nyumba ya mkwewe bila ya kuwa na chumba anachoweza kufunga mlango mchana. Picha zile, alisema, alimwonyesha mumewe ili apate kuanza mazungumzo.

Neno hilo la darsa limetuuma, wala hatulifichi. Salman Alfarisi alipomzuru nduguye Abu Dardaa alimwona mke wake yu katika nguo za kuchakaa, akauliza, akaambiwa kwamba mwenye nyumba hana haja ya dunia. Salman hakumsifu kwa ucha Mungu. Alilala kwake, akamzuia asisimame usiku kucha, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki. Na Mtume aliposikia alimsadikisha Salman. Basi sisi tumekata shauri: darsa ya usiku wa Alhamisi imeondolewa, na anayetaka kutufuata usiku huo hatatukuta. Tutakuwa majumbani kwetu.

Kwani siku za kutembea ni chache, na siku za kufua, kupika na kulipa kodi ndizo nyingi. Sayyidna Ali na Bibi Fatma (R.A.), watu bora wa wakati wao, walikuwa na jiwe la kusagia na mikono iliyoota sugu. Bibi Fatma alikwenda kuomba mtumishi kwa babake, asimkute. Na Mtume alipopata habari aliwajia usiku, wamekwisha lala, akaketi baina yao, akawafundisha tasbihi na tahmidi thelathini na tatu na takbiri thelathini na nne, ziwe bora kwao kuliko mtumishi. Wengi wetu twamfundisha mke tasbihi hizo tukasahau kwamba walifundishwa wote wawili, mume na mke. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kazi za watu wake, mpaka sala ikiingia akatoka. Mume wa leo humsaidia mkewe kubeba mkoba hotelini kwa sababu watu wanatazama. Nyumbani, penye ndoo ya maji ya ngazi tatu, hatazamwi na mtu.

Kijana alituuliza pia juu ya sala za safarini, nasi twamjibu hapa kwa faida ya wote. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, safari ya kufupiza ni marhala mbili, kilomita 80 na kitu kwa hesabu za sasa. Anayetoka Mombasa kwenda Diani, kama kilomita 30, hafupizi. Anayekwenda Malindi, kama kilomita 120, hufupiza Adhuhuri, Alasiri na Isha akisha kuyapita majumba ya mji wake. Magharibi na Alfajiri hazipungui. Aweza pia kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akiingia msikitini akasali nyuma ya imamu anayetimiza, naye atimize. Na akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, ametoka katika hukumu ya msafiri tangu alipofika.

Na hapa tuna malalamiko. Basi husimama, wanaume wakashuka wakatawadha, na wanawake wakabaki vitini, kwa kuwa katika misikiti kadha ya njiani tuliyosali sisi hapana mahali pa mwanamke hata pa kutia udhu. Twachanga fedha za minara. Chumba kimoja chenye bomba na pazia chataka fedha kidogo kuliko mnara, na fatwa ya kumkataza mwanamke kusafiri haitakikidhi haja hiyo.

Yaliyotokea baadaye ni haya. Hoteli ilirudisha nusu ya fedha. Kijana akalipa kwanza deni, akauza saa yake kukamilisha, akatubia. Akaenda mwenyewe kwa wakwe zake, si kwa kutuma mjumbe, akamwomba mkewe radhi. Chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea mbao kikatolewa mbao kikatiwa kitasa. Na mwezi wa Aprili, alipokwisha weka akiba, walikwenda Lamu kwa nyanyake mke, ambako kitanda hakilipiwi na samaki wa kupaka hana bei. Mke ndiye aliyeshauri wamchukue mama mkwe mpaka Malindi, kwa dadake ambaye hawajaonana muda mrefu, kisha wao wawili waendelee na basi hadi Mokowe, wavuke kwa mashua.

Walikaa Lamu siku tisa. Waliporudi walishuka Malindi kumpitia mama, wakamkuta uani na dadake, wanakuna nazi, wanacheka. Hakuwa amefunga mzigo. Aliwaambia watangulie wao, na mwanawe aje amchukue Ijumaa.