Kuhifadhi na Kusitiri

Mwaka juzi kompyuta yangu ilikataa kuwaka. Nilimpelekea fundi mmoja hapa Tanga, akaifungua, akasikiliza mlio wa diski iliyokuwa ikigotagota, kisha akaniuliza kwa sauti ya pole: “Mzee, ulikuwa na nakala?” Nilikuwa nayo, lakini ya miezi saba nyuma, kwenye flashi niliyoitupa katika mtoto wa meza ileile iliyobeba kompyuta. Laiti nyumba ingeungua, vyote viwili vingekwenda pamoja.

Wajuzi wa mambo haya wana kanuni fupi: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na moja kati yake ikae mbali na nyumba. Mimi, mwalimu mstaafu niliyewafundisha watoto kwa miaka mingi kwamba akiba haiozi, sikuwa nimeweka akiba.

Kompyuta ile haikuwa na siri za serikali. Ilikuwa na daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho mimi ni katibu wake. Ilikuwa na picha za harusi na za misiba, na nakala ya hati ya shamba la marehemu baba. Ilikuwa pia na barua 31 ambazo dada yangu mkubwa aliniandikia kati ya mwaka 1984 na 1991, alipokuwa ameolewa mbali nasi. Karatasi zilikuwa zimeanza kuliwa na mchwa, nami nikazipiga picha moja moja ili zisipotee. Bahati njema, barua hizo zilikuwamo katika ile flashi.

Nilimpigia simu mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta huko Dar es Salaam. Akacheka. “Shikamoo mjomba. Hilo jambo dogo. Weka kwenye wingu.”

Msomaji wangu, neno hili “wingu” linatudanganya. Hakuna kitu kilichoko angani. Wingu ni nyumba ya watu wengine, iliyojaa kompyuta zisizozimwa, nasi tunalipa kodi ya chumba humo. Na nyumba huungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa palepale. Septemba 2025 moto mwingine uliwaka katika kituo cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, ukaangamiza terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma, ambazo hazikuwa na nakala popote. Hivyo swali langu la kwanza kwa kila kampuni likawa hili: je, vitu vyangu vitakaa katika jengo moja au zaidi?

Mpwa wangu alinifundisha swali la pili. Huduma nyingine ni kioo tu: ukifuta faili hapa kwako, nako linafutika, na mara nyingi hubaki siku chache tu za kulirudisha. Nyingine hutunza hali ya zamani, hata ukiharibu leo waweza kurudi kwenye ya mwezi uliopita. Anayetafuta akiba asinunue kioo. Swali la tatu lilikuwa la mfuko na subira. Faili zangu zilikuwa gigabaiti 60, na kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, kuzipandisha kungechukua zaidi ya siku 5, usiku na mchana, na bando likiliwa. Haya yote yana majibu, na mtu mwenye kalamu na karatasi huyapata.

Swali la nne ndilo lililonikosesha usingizi. Kila huduma ina ufunguo. Katika baadhi yake kampuni yenyewe inashika ufunguo: ukisahau neno lako la siri, watakufungulia, lakini maana yake ni kwamba wanaweza pia kufungua bila wewe. Katika nyingine faili husimbwa kwenye kompyuta yako kabla hazijaondoka, na ufunguo unao wewe peke yako. Hapo hakuna wa kuchungulia. Lakini ukisahau, au ukifa, hakuna wa kukusaidia.

Nilipendelea njia ya pili. Mpwa wangu akaikubali, akaongeza kwa nia njema kabisa: “Basi neno la siri utaniachia mimi, mjomba. Likitokea la kutokea, watoto wasihangaike.”

Nikanyamaza. Mpwa huyu ni mtoto wa dada yangu yuleyule mwenye barua. Na barua zile zinasema habari za baba yake, habari ambazo mama yake hakumwambia mtu mwingine.

Siku zote hizo nilikuwa nikimwogopa mgeni wa Marekani au Ulaya asiyejua hata Kiswahili, ambaye hata angezisoma barua zile zisingemwambia kitu. Kumbe aliyeweza kuumizwa nazo ni mtu wangu mwenyewe, kijana mwaminifu kuliko wote ninaowajua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mimi na dada yangu hatuwezi kupelekana kwenye sheria. Lililokuwa baina yetu ni amana.

Hebu tulitazame neno letu “kuhifadhi”. Twasema kuhifadhi chakula kisioze, na twasema Mungu akuhifadhi, yaani akukinge. Kuhifadhi ni kuzuia kitu kisipotee, na pia ni kukizuia kisidhuriwe wala kisidhuru. Tumezoea kudhani kazi hizi mbili ni moja. Mimi niligundua kwamba zinaweza kugombana. Nakala ikizidi, kupotea kunapungua, lakini milango ya siri inaongezeka. Nilizipiga picha barua za dada ili kuzihifadhi, na katika kuzihifadhi nikazitoa katika hifadhi.

Najua lipo jibu la upande wa pili, nami nililipima. Barua za wanawake wa kawaida ni historia, na historia yetu imepotea mno kwa sababu kila aliyekuwa na sanduku alilichoma kwa kuogopa aibu. Hoja hii ina uzito. Lakini ilinibidi nijiulize: ni nani aliyenipa mimi haki ya kutoa aibu ya mwingine kuwa sadaka ya historia? Tena, ni nani aliyenipa haki ya kuifuta?

Nikafunga safari kwenda kwa dada. Nikamweleza habari za diski, wingu na ufunguo. Alisikiliza huku akichambua mchele, kisha akauliza: “Zile barua bado unazo? Nilidhani ulizichoma zamani.”

“Ninazo, dada.”

“Mdogo wangu, mimi wakati ule sikuwa nikiweka akiba. Nilikuwa natua mzigo, sina pengine pa kuutua. Sasa mtu akitua mzigo kwako, wewe unaupeleka kwa mwanawe?”

Sikuwa na la kusema. Aliniomba nimletee karatasi zote, nami nikampelekea wiki iliyofuata. Akazisoma siku mbili. Siku ya tatu alinirudishia moja, ya mwaka 1986, inayosimulia usiku aliojifungua mtoto huyo na jinsi alivyofurahi. “Hii iweke unakotaka,” alisema. “Nikishakwenda, mpe.” Nyingine 30 alizitia jikoni mwenyewe, nami jioni ile nikazifuta katika kompyuta mpya na katika flashi.

Ningeamua peke yangu kuzitunza zote, ningemsaliti. Ningeamua peke yangu kuzifuta zote, ningemnyima mwanawe barua ile moja. Hakuna kampuni duniani ambayo ingenipa jibu sahihi, kwa sababu jibu halikuwa la kampuni wala langu.

Kikundi nacho nilikiuliza katika mkutano, na wanachama wakakubali daftari lipande, mradi mweka hazina naye awe na nakala yake ya karatasi. Mwishowe nilichagua huduma inayoniachia ufunguo, na neno la siri nimeliandika katika bahasha aliyonayo mpwa wangu. Siku atakapoifungua atakuta shamba, harusi, daftari, na barua moja ya mama yake. Zile nyingine nazikumbuka mimi na aliyeziandika. Tukiondoka sisi wawili, nazo zitakuwa zimeondoka, kama alivyotaka mwenyewe.